Kamera ya gari ya elfu 75 kutoka Kariakoo: miezi saba barabarani, na hili suala la madereva wasio na adabu, waadhibiwe kwa sheria au la

Hii kamera nimekaa nayo miezi saba ndo naandika, maana maoni ya mtu aliyefungua boksi jana hayamsaidii mtu yeyote. Ni zile kamera ndogo za kubandika kioo cha mbele, zinarekodi barabara muda wote gari ikiwa imewashwa. Ya kwangu haina jina la maana, boksi limeandikwa Kichina na Kiingereza kidogo, nilitajiwa elfu 95 nikabishana mpaka 75. Naendesha Passo, kila asubuhi natoka Segerea kwenda Kariakoo kwenye biashara yangu ya vitenge, yaani Tabata, natokea Mandela, Buguruni, Uhuru, Ilala Boma, afu ndo naingia mjini. Anayeijua njia hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi hana haja ya kuelezwa kwa nini mtu ananunua kamera.

Kilichonifanya ninunue ni saiti mira. Mwaka jana niko kwenye foleni Buguruni, nimetulia kwenye laini yangu, daladala ikatoka kushoto imetanua kule wanakopita waenda kwa miguu, ikachomekea mbele yangu bila hata indiketa, saiti mira yangu ikabaki inaning'inia na waya. Konda akatoa kichwa dirishani, "We mama si umelala barabarani!" na abiria wawili watatu wakacheka. Trafiki alikuwepo hatua kama hamsini, akaja, akasikiliza pande zote, akauliza nani shahidi. Hakuna aliyejibu. Mira nikanunua mwenyewe. Sikuumia na hela sana kama nilivyoumia na lile neno, kwamba mimi niliyekaa kwenye foleni kama binadamu ndo niliyekosea, na yeye aliyepita juu ya njia ya watu ndo mjanja.

Sasa kamera yenyewe. Mchana picha ni nzuri kuliko nilivyotegemea, namba ya gari iliyo mbele yako inasomeka vizuri, na hata ile inayokuja pembeni utaisoma ukisimamisha video. Ikisogea mbali zaidi ya urefu wa gari mbili tatu unaanza kubahatisha herufi. Usiku ndo shida. Taa zako zikipiga kibao cha namba kinakuwa cheupe tupu, unaona gari, unaona rangi, unaona alivyokuchomekea, ila namba huioni. Na wale wanaowasha fulu wakija mbele yako skrini nzima inakuwa jua, husomi kitu. Kwa hiyo kama unaendesha zaidi usiku, ongeza hela uchukue ya juu zaidi, hii haitakufaa.

Memori kadi haiji nayo, na hapo ndo nilipigwa. Nilinunua ya gigabaiti 64 kwa bei ya kutupa, ikafanya kazi vizuri wiki mbili, kumbe ni feki, ukijaza kidogo inaanza kuandika mafaili yasiyofunguka. Niligundua siku niliyoihitaji. Nikanunua ya 32 halisi duka jingine, tangu hapo sijapata tatizo. Kamera inarekodi vipande vya dakika tatu tatu, kadi ikijaa inafuta vya zamani inaendelea, na ikihisi mshtuko, mfano umefunga breki ghafla, inakifungia kile kipande kisifutwe. Hiki kitu ni kizuri sana ila kwa barabara zetu mashimo nayo ni mshtuko, nilikuta kadi imejaa vipande vilivyofungiwa vyote vya shimo moja pale karibu na kwangu, ikabidi nipunguze ukali wa hicho kihisi kwenye menyu. Kile kipira cha kunyonya kioo kilianguka mwezi wa pili kwa joto, gari ikiwa imeegeshwa juani Kariakoo kutwa nzima. Nikabadilisha nikaweka cha gundi. Batri yake nayo imeshaanza kuvimba kidogo upande mmoja, sasa hivi nikifika naitoa naiweka kwenye droo.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: tarehe. Ukiichomoa ikakaa muda mrefu bila umeme, saa inarudi mwanzo na video zako zote zinaandikwa tarehe ya miaka ya nyuma. Mwezi wa kwanza wote klipu zangu zina tarehe ya uongo. Kama unataka ushahidi, kila Jumatatu angalia saa.

Haya, nimemaliza ya kifaa, sasa niseme ilichonionyesha, maana ndo hasa kilichonifanya niandike.

Nilikuwa najua Dar watu wanaendesha vibaya, kila mtu anajua. Ila ukikaa jioni ukaangalia video ya asubuhi bila hasira, bila haraka, bila honi masikioni, unaona kitu tofauti. Matukio mengi yaliyonifanya nikanyage breki hayakuwa ya spidi. Asubuhi kwenye foleni nani ana spidi? Yalikuwa ya adabu. Mtu anakuona umeacha nafasi ya usalama mbele yako, yeye anaiona ni ya kwake. Mtu wa gari kubwa anakuja nyuma yako mpaka huzioni taa zake kwenye kioo, anakusukuma utoke. Bajaji inapita upande usio wake na dereva anakukunjia uso kama wewe ndo umekuja vibaya. Siku ya mvua, Tabata, kuna mama anauza vitumbua pembeni ya barabara, ameinua mwavuli kwa mkono mmoja na mwingine ameshika mfuniko wa beseni, Noah imeona lile dimbwi, ilikuwa na nafasi ya kulikwepa, haikupunguza hata kidogo, ikalipasua. Kwenye video unaona yule mama anageuza mgongo kukinga beseni badala ya kujikinga mwenyewe. Maji yakamwagika mgongoni hadi kichwani. Akabaki amesimama vilevile ameshika mfuniko. Noah imeshaenda.

Hiyo sio kosa la spidi, sio kosa la taa nyekundu, hakuna gari iliyogongwa. Ni nini sasa?

Na kuna klipu nyingine ambayo ndo iliyonipeleka polisi. Kuna zebra karibu na shule ya msingi njiani kwangu, asubuhi watoto wanavuka na vidumu vya maji na fagio. Nilisimama. Mtoto mmoja wa kiume, darasa la pili au la tatu hivi, akaniangalia kwanza, nikamwonyesha mkono pita, akaanza kuvuka. Daladala iliyokuwa nyuma yangu ikapiga honi ndefu, ikanizunguka kulia, ikapita mbele yangu juu ya zebra ileile. Mtoto alikuwa ameshafika usawa wa bampa yangu ya kulia. Alirudi hatua moja nyuma, hatua moja tu, na kidumu kikamtoka mkononi. Gari ya nyuma yake ikakikanyaga kikapasuka. Maji yakatawanyika kwenye mistari myeupe. Mtoto hakulia, alisimama anaangalia kidumu, afu akaniangalia mimi. Mimi niliyemwambia apite.

Nimeiangalia hiyo klipu mara nyingi mno. Namba ya daladala inasomeka, saa ipo, tarehe ipo sahihi. Nikaiweka kwenye flashi nikaenda kituo kimoja cha polisi. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mzuri kiukweli, alinipa kiti, akaiangalia mpaka mwisho, akaguna. Afu akasema, "Sasa dada, hapa aliyeumia nani?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi angekuwepo majeruhi tungeanzia hapo, ila hivi, labda uwaone wenye gari uongee nao. Akaniambia nimefanya vizuri kuleta. Nikaondoka na flashi yangu.

Mimi sio mwanasheria, ila tangu siku hiyo nimesoma. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, Sura ya 168, na kosa la kuendesha bila uangalifu limo. Kumpita mtu aliyesimama kwenye zebra nako kila aliyesoma udereva anajua ni kosa. Kwa hiyo anayesema adabu sio jambo la sheria, aanze kwa kuona kwamba sehemu ya hiyo adabu tayari iko kwenye sheria. Majirani zetu Kenya wameandika wazi kabisa, kifungu cha 49 cha sheria yao ya trafiki kinamshika anayeendesha bila uangalifu, na pia anayeendesha bila kuwajali inavyopasa watu wengine wanaotumia barabara. Bila kuwajali wengine. Hilo ndo jina la lile jambo la dimbwi.

Hayo maneno yalitoka kwa Waingereza. Binamu yangu anaishi Uingereza, anaendesha gari za kusambaza mizigo, ndo aliyenifungua macho. Kwao sheria ya 1988 ina kosa hilohilo, na kuna kifungu kilichoongezwa baadaye na sheria ya 2006 ambacho mimi nimekipenda sana: dereva hahesabiwi kuwa ameendesha bila kuwajali wengine mpaka hao wengine wawe kweli wamesumbuliwa na uendeshaji wake. Yaani hawahukumu roho ya mtu, hawaulizi kama una tabia nzuri. Wanauliza kuna mtu ulimfanya afunge breki, akwepe, aruke, alowe? Kama yupo, una kesi. Kama hayupo, nenda zako. Na tangu 2013 polisi wao anaweza kumalizana na wewe kwa makosa madogo ya aina hiyo, mfano kumbana wa mbele, yaani kumkaribia mno kwa nyuma, kwa faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni bila kwenda mahakamani. Dubai nako na Emirati zote, kumbana gari ya mbele ni dirhamu 400 na pointi 4, na pointi zikifika 24 leseni inasimamishwa. Ndugu zetu wanaoendesha kule ni haohao waliotoka huku, wakifika kule wanaacha nafasi. Wameshaambiwa nafasi ina bei.

Mdogo wangu anaendesha Kosta, na nilimwonyesha klipu ya kidumu. Alinyamaza kwanza. Afu akaniambia, "Dada, yule jamaa amekosea, sitetei. Ila nyie wenye magari ya kwenu hamjui hesabu." Kwa asiyejua, hesabu ni ile hela ambayo dereva anampelekea tajiri kila siku, mafuta juu yake, ikipungua kesho gari anapewa mwingine. Akasema ukikaa foleni kiungwana unapoteza tripu mbili, na tripu mbili ndo chakula cha nyumbani kwako wewe na konda, ya tajiri haipungui. Afu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake haraka: mkiweka faini ya kukosa adabu, nani ataipima? Trafiki. Anakusimamisha, anakwambia umekosa adabu, utabisha nini? Spidi kuna kipimo, leseni ipo au haipo, taa inawaka au haiwaki. Adabu utaionyesha kwa kipimo gani? "Mmetufungulia mlango mwingine wa kutolea hela."

Nimeliwaza hilo wiki nzima, na naliheshimu, maana yeye ndo yuko barabarani saa kumi na sita kwa siku. Na ni kweli, elfu 30 ya faini kwa mtu wa Kosta inauma kuliko kwa mtu wa V8, huyo wa V8 analipia kontrol namba hata hajashuka kwenye gari. Ila jibu langu ni hili, na ndo maana naliandika kwenye maoni ya kamera: kipimo kipo. Ni hiki kinachoning'inia kwenye kioo changu. Binamu yangu ameniambia kule kwao polisi wanapokea klipu za wananchi kwa mtandao, walianza polisi wa kaskazini mwa Wales mwaka 2016 wakaiita Operation Snap. Unatuma video, unaandika maelezo, unakubali kwamba ikifika mahakamani utasimama kama shahidi. Basi. Haiamuliwi na jicho la mtu mmoja aliyesimama juani na njaa yake. Inaamuliwa na picha ambayo dereva naye anaoneshwa, na anaweza kuikataa.

Sisi huku tayari tunaamini mashine kwenye spidi. Mabasi ya mikoani yamefungwa ule mfumo wa kufuatilia wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, basi likizidisha 80 inaonekana ofisini. Ila mfumo huo hauoni kuchomekea. Basi linaweza kutembea 60 safi kabisa, kwenye mfumo ni malaika, huku limemtupa mtu wa bodaboda mtaroni.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wengine hamtakubali: ndiyo, tabia ya kukosa adabu barabarani iadhibiwe kwa sheria. Ila sio kila kitu. Matusi ya konda, kukunjiana uso, kutokusema asante ukipewa njia, hayo muyaache, tutafundishana nyumbani na kwenye vyuo vya udereva, ukiyaingiza kwenye sheria unampa kila mwenye kinyongo silaha. Iadhibiwe ile ambayo imemlazimisha mtu mwingine afanye kitu ili asiumie: amefunga breki, amerudi nyuma kwenye zebra, ameingia mtaroni, amelowa. Na kwa gari za biashara faini isiishie kwa dereva, tajiri naye aguswe, maana yeye ndo anayepanga hesabu ambayo haiwezekani kufikiwa kwa kukaa kwenye foleni. Mdogo wangu hapo alikubali haraka sana. Alisema tajiri akipigwa faini mara mbili, hesabu itashuka yenyewe.

Kuna wanaosema adabu hailazimishwi kwa viboko. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini kamera imenionyesha na mimi pia, na nalisema wazi. Mwezi wa tatu nilikuwa nimechelewa, nikamkatalia njia mzee mmoja wa guta aliyekuwa anajaribu kuvuka Uhuru, nilibana kabisa nikijifanya simwoni. Kwenye video anaonekana amenyoosha mkono anaomba. Mkono umenyooka mpaka nimempita. Nilijisikia vibaya mno, na tangu hapo naendesha nikijua kuna kitu kinaniona. Sijawa mtu mwema zaidi, ni kwamba naonekana. Nadhani ndivyo tulivyo wengi.

Turudi kwenye kifaa kwa wanaotaka kununua. Kwa elfu 75 naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Picha ya mchana nne, usiku mbili, kishikio mbili, menyu nyepesi hata kwa asiyejua mambo ya simu. Inatumia umeme wa ile sehemu ya chaja, waya wake ni mrefu wa kutosha kwa Passo, kwa gari kubwa uulize kwanza. Kama utaweza kupata isiyotumia batri kabisa, zipo zinazotumia kapasita, chukua hiyo kwa joto letu hili. Kadi nunua sehemu ambayo watakubali kukubadilishia, na ukifika nyumbani ijaze mpaka mwisho ujaribu kufungua mafaili siku hiyohiyo. Ibandike nyuma ya kioo cha kati ili isikuzibe, na uache nafasi ya waipa kupita, ukiibandika juu sana siku ya mvua utarekodi matone tu.

Maiki nimeizima. Nabeba majirani asubuhi na maneno ya watu hayanihusu kuyarekodi. Na tafadhali sana, usiingie tamaa ya kuzirusha klipu mitandaoni. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule mtoto wa zebra ana mama yake. Watu wameniomba ile klipu niiposti ili yule dereva aaibike, nimekataa. Nilichofanya, nilikwenda shuleni nikamwonyesha mwalimu mkuu peke yake ofisini, sasa asubuhi kuna mwalimu wa zamu anasimama pale na kibao chekundu, na magari yanasimama. Kidumu nilinunua kingine, cha lita tano, cha njano kama kile.

Jumamosi iliyopita nimechukua kamera ya pili, ya kioo cha nyuma, duka lilelile, safari hii elfu 60, kwa sababu wanaonibana wote wanatokea nyuma na ya mbele haiwaoni. Nitarudi kuandika ikimaliza mvua za masika. Klipu ya zebra iko kwenye flashi, nimeandika na maelezo yake kwenye karatasi, nimefunga pamoja na rababendi. Siku polisi wakifungua sehemu ya kupokea, yangu iko tayari, saa na tarehe ni sahihi.